Uzito Ukirudi, Msimuulize Ameanza Kula Nini

Hapa chuoni mtu akipungua ghafla anaulizwa maswali mawili. La kwanza linaulizwa mbele yake: "Umefanyaje? Niambie na mimi." La pili linaulizwa akishapita. Miezi ikienda na uzito ukirudi, linabaki swali moja tu, na hilo halisubiri apite: "Vipi, umeachia?" Yaani umeachia breki. Umerudi kwenye chipsi mayai. Huna nidhamu.

Nataka kubishana na hilo la mwisho. Nimelisikia hosteli, nimelisikia kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mara linatolewa kwa sauti ya mtu anayejua. Mimi nasoma ualimu, sisomi udaktari. Lakini nimesoma kiasi, na nimekaa nyumba moja na mtu aliyepita njia hiyo, kiasi cha kuona kwamba wengi tunaouliza hatujui tunachokiulizia.

Tuanze na dawa zenyewe, maana tunazitaja kama tumezaliwa nazo. Semaglutaidi, ambayo wengi tunaiita Ozempic kwa jina la biashara, ilianza kama dawa ya kisukari. Wegovy ni dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi, kwa ajili ya unene. Inaiga homoni inayoitwa GLP-1, ambayo utumbo wetu huitoa tukishakula. Homoni hiyo inaiambia kongosho itoe insulini, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na inaupelekea ubongo taarifa kwamba imetosha. Ile ya asili huvunjwa mwilini ndani ya dakika chache. Ya sindano inakaa siku nyingi, ndiyo maana mtu anajichoma mara moja tu kwa wiki. Mounjaro, yenye jina kama la mlima wetu, ni tizepataidi. Hiyo inaiga homoni mbili.

Na zinafanya kazi, tusidanganyane. Utafiti uliochapishwa 2021, wa watu 1,961, ulionyesha kuwa waliochomwa semaglutaidi kwa wiki 68 walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa ndani yake walipungua asilimia 2.4 tu. Mtu wa kilo 100 anafika 85. Hicho si kitu cha kubeza.

Sehemu ya pili ndiyo haitangazwi. Baadhi ya watu hao walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya sindano kusimamishwa, na theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza ilikuwa imerudi. Tizepataidi nayo ikatoa picha hiyohiyo mwaka 2023. Watu walipungua asilimia 20 hivi kwa wiki 36, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliendelea na dawa, wengine wakabadilishiwa sindano tupu bila kuambiwa. Walioendelea walizidi kupungua. Waliobadilishiwa waliongezeka asilimia 14. Ushauri wa chakula na mazoezi waliupata wote sawasawa. Kilichowatofautisha kilikuwa ndani ya sindano. Sasa niambie, kati ya makundi hayo mawili, lipi lilikuwa halina nidhamu?

Mwili unapopungua unadhani kuna njaa imeingia nchini. Mafuta yakipungua, leptini, homoni inayoueleza ubongo kwamba akiba ipo, nayo inashuka. Grelini, ile inayoleta njaa, inapanda. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliopungua kwa kubana chakula walikuwa bado na mabadiliko hayo mwaka mzima baadaye. Halafu kuna wale washindani wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser. Walipopimwa watu 14 kati yao miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa inachoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kalori 500 ni kama chapati mbili. Yaani ukae umepunguza chapati mbili kila siku, miaka sita, ili tu usisogee.

Dawa inakuwa imeifunika njaa hiyo. Ukitoa mfuniko, njaa ipo palepale. Mtu wa presha akiacha vidonge presha ikapanda, hakuna anayemwambia kaachia breki. Tunamwambia arudi kliniki.

Sasa niwapeleke kwetu, Kilwa, kwa sababu huko ndiko nilikoyaona haya kwa macho. Mwaka wa kwanza na wa pili nilikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha huko, nikakaa kwa mama mkubwa, Kilwa Masoko. Ana duka la khanga, ana zaidi ya miaka hamsini, na ana kisukari. Kaka yangu, mwanawe, anafanya kazi Muscat, na ndiye aliyekuwa akimletea kalamu za Ozempic. Zilikuja na watu wanaorudi likizo hadi Dar es Salaam, kisha zikapandishwa basi la Lindi ndani ya kiboksi chenye barafu. Kalamu ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji; ikishafunguliwa inavumilia wiki kadhaa, joto lisizidi nyuzi 30. Mnaoijua Kilwa ya mwezi wa pili mnajua nyuzi 30 ni asubuhi tu. Na umeme nao una tabia zake, ingawa gesi inayowasha taa za Dar inatoka Songosongo tangu 2004, kisiwa cha wilaya yetu wenyewe. Hayo tuyaache.

Alitoka kilo 97 akafika 84. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikaja, mvua ikaivunja barabara pale Somanga, na kusini kote kukawa hakufikiki kwa basi. Dozi zikapita. Barabara ilipofunguka kalamu zikaja, mama mkubwa akajichoma dozi kubwa aliyokuwa ameizoea, kama vile hakukuwa na wiki zilizoruka. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukikaa muda bila dawa hizi, unaweza kutakiwa kuanza tena na dozi ndogo kwa maelekezo ya daktari. Alitapika siku mbili. Baada ya hapo akasema basi, hataki tena, na kliniki ya kisukari ikaendelea naye kwa vidonge vya metformini.

Nilifika Julai. Kilichonishangaza ni jinsi alivyoielezea njaa. "Mwanangu," aliniambia, "nilipokuwa nachoma, nilikuwa nauona wali naona wali tu. Sasa hivi unaniita kwa jina." Mwanamke huyu hajawahi kusikia neno grelini. Nilikuwa nikimwona akimaliza kula, anaosha mikono, anakaa kidogo, anarudi jikoni kufunua sufuria na kuifunika tena bila kuchukua kitu. Mnaosema watu wanaachia breki, huyo alikuwa ameikanyaga kwa miguu yote miwili. Nilipokwenda tena mwaka 2025 alikuwa amerudi kilo 92.

Na hapa pwani ya Lindi inageuza jambo lenyewe juu chini. Hapa chuoni uzito ukirudi unachekwa. Kilwa uzito ukirudi unapongezwa. Mama mkubwa alipokuwa na kilo 84, mtaa mzima ulinong'ona. Wengine walisema sukari imemmaliza, wengine wakafikiria ule ugonjwa mwingine, maana watu wa rika lake waliona wenzao wakikonda na kuzikwa miaka ya tisini, na jicho lao halijasahau. Aliporudi kilo 92 wakamwambia, "Mashallah, umenawiri." Wanawari wetu walipowekwa ndani zamani walitarajiwa kutoka wamejaa, ngozi inang'aa. Mwili kwetu ni habari ya nyumba: unasema kwamba humo ndani wanakula na wanapendana. Sasa fikiria mtu anapigana na njaa ya ndani ya mwili wake, na nje kila anayempenda anamsukumia sahani.

Halafu sinia. Sisi tunakula pamoja, sinia moja, wali wa nazi umejaa kama kichuguu, samaki au pweza katikati. Huwezi kujua umekula kiasi gani. Mwenyeji anakusogezea kipande upande wako, na "asante, nimeshiba" ya kwanza haihesabiwi, ni adabu tu. Ya pili anakuuliza kama unaumwa. Ikija Ramadhani ndiyo usiseme: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, na kila nyumba inapelekea nyumba nyingine bakuli. Vitabu vya kupunguza uzito vinaandikwa na watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Ushauri wao wa kupima chakula kwa kikombe, kwetu unaanza kwa kumkosea mtu adabu.

Mama mkubwa alifanya uamuzi mmoja ambao kwangu ni mkubwa kuliko sindano: akaomba sahani yake peke yake. Wifi yake alinuna mwezi mzima. Eti kwani mikono yetu ina nini? Alivumilia. Pia akaanza kutembea baada ya sala ya alfajiri, yeye na shoga yake, kutoka nyumbani hadi gatini na kurudi. Siku za mwanzo watu waliwauliza wanakwenda wapi alfajiri yote hiyo. "Tunakwenda turudi," wakajibu, na likawa jina lao mtaani: kina Tunakwenda-turudi. Bibi yetu hakuhitaji matembezi hayo. Alitwanga, alikwenda shamba kwa miguu, alitanda uduvi maji yakikupwa. Simwambii mtu arudi kwenye kinu, bibi mwenyewe angenicheka. Nasema tu kwamba kazi zile zilipoondoka, hakuna kilichowekwa mahali pake isipokuwa bodaboda.

Mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa kilo 90. Hajarudi 84 na pengine hatarudi. Kwa wale wa "umeachia?" huyu kashindwa. Kwangu mimi mtu aliyekuwa akiongezeka, akausimamisha uzito na kuushusha kilo mbili bila dawa, huku mwili na mtaa vyote viko kinyume naye, kafanya kazi ngumu kuliko ile ya kupungua kilo 13 akiwa na dawa.

Nayasema haya sasa kwa sababu dawa hizi zinakuja kwetu, tutake tusitake. Hataza ya semaglutaidi nchini India, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, inaisha mwaka huu wa 2026, na dawa nyingi kwenye rafu za maduka yetu zinatoka India. Bei itashuka. Kwa watu wa aina ya mama mkubwa hiyo inaweza kuwa heri. Unene hapa nchini si hadithi ya Wazungu: tafiti za kitaifa za afya zilikuta wanawake wenye uzito uliozidi wakipanda kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi 28 mwaka 2015–16. Pale Mloganzila wanaweka puto maalumu tumboni kwa wanaohitaji kupungua, na puto nalo huwa linatolewa baada ya muda. Swali ni lilelile: baada ya hapo?

Wasiwasi wangu ni sisi. Kwenye simu zetu tayari yanapita matangazo ya chai, vidonge na "sindano za Ulaya", kilo kumi kwa wiki mbili, uzito haurudi tena. Hilo neno "haurudi" ndilo linalonikera. Hata wenye dawa halisi, waliopimwa kwa miaka, hawathubutu kulisema. Na dawa halisi yenyewe huna hakika nayo: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama imepenya huko, anayekuuzia kwa kukuelekeza geti la hosteli umemwamini kwa lipi?

Basi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoukasirikia. Kama wewe ni mwanafunzi mzima wa afya, unataka tu kupungua kabla ya mahafali, na pesa yako ni bumu, usianze. Bumu ni shilingi elfu kumi kwa siku, ya kula na kulala. Hata likitosha kununua miezi mitatu, mwezi wa nne utaacha, na utaacha vibaya: ghafla, bila daktari, kipindi cha mitihani, njaa ikiwa imerudi na ugali wa mama ntilie ndio chakula pekee unachokimudu. Sehemu ya kilichopungua ilikuwa misuli, kinachorudi ni mafuta zaidi. Unaweza kumaliza mwaka na kilo zilezile ila mwili dhaifu kuliko ulioanza nao. Kabla ya kuuliza bei ya mwezi wa kwanza, uliza bei ya mwaka wa pili.

Kwa mwenye kisukari au ugonjwa mwingine ambaye daktari kamwandikia, hesabu ni nyingine kabisa. Huyo asiache kwa sababu ya makala ya gazeti la wanafunzi.

Rafiki yangu wa sayansi alinibana kwenye hoja hii. Alisema: hata mwaka mmoja baada ya kuacha, wale wa utafiti wa semaglutaidi walikuwa bado chini ya walipoanzia kwa asilimia 5.6. Si kitu hicho? Ni kitu. Nimemkubalia nusu. Nusu nyingine ni kwamba hata nafuu ya presha na sukari waliyoipata ilikuwa nayo inarudi ilikotoka, na kwamba ule ni mwaka mmoja tu wa kufuatilia. Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipotoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu dawa hizi kwa unene, Desemba 2025, liliziunga mkono kwa masharti, na moja ya sababu ilikuwa kwamba taarifa kuhusu kuacha na kuudumisha uzito bado ni chache.

Kuna kinachosaidia, ila hakipendezi kwenye tangazo. Huko Denmark walichukua watu waliokwisha kupungua, wakawapa wengine liraglutaidi, dawa ya ukoo uleule, wengine mazoezi ya kusimamiwa, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baada ya yote kusimamishwa, waliokuwa na dawa peke yake ndio waliorudisha uzito zaidi kuliko waliokuwa wamefanya mazoezi. Marekani tangu 1994 wana daftari la watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo mwaka au zaidi. Wengi wao wanasema wanapata kifungua kinywa, wanajipima kila wiki, na wanajishughulisha karibu saa nzima kwa siku. Saa nzima! Mwanafunzi mwenye vipindi hadi saa moja usiku ataitoa wapi? Kwa kutembea kwenda darasani badala ya kupanda boda, kidogo kidogo. Kujipima ni wale vijana wenye mizani kando ya barabara. Cha kushibisha na kulinda misuli ni samaki, dagaa, kunde, choroko, vitu ambavyo Lindi na Kilwa hatujawahi kuviona vya kifahari.

Lakini mtu mmoja hawezi kudumisha uzito mahali ambapo kila kitu kimepangwa kumwongeza. Mama mkubwa aliweza kuomba sahani yake kwa sababu jiko ni lake. Sisi jiko si letu. Kafeteria yetu inauza sahani ya wali ya ukubwa mmoja, kwa bei moja, mchicha unaisha saa saba, na soda ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango kuliko maji. Anayetaka kula nusu analipa nzima na kumwaga nusu, na mwanafunzi wa bumu hamwagi chakula.

Zabuni ya kafeteria inapitiwa upya kabla ya muhula ujao, na serikali ya wanafunzi ina kiti kwenye kikao hicho. Wawakilishi wetu, mkiingia humo ombeni vitu vitatu: nusu sahani kwa nusu bei, mboga na maharage ya kutosha mpaka jioni, na maji ya kunywa ya bure. Na zahanati ya chuo iweke mizani pale mlangoni, mtu apite ajipime bila kujaza fomu wala kuulizwa vipi, ameachia.